Kioo cha ITO kilichopakwa kwa plazma: kinamfaa nani, na muuzaji aulizwe nini

Kazi yangu ni kuandaa vioo. Kwenye maabara ninayoihudumia, wanafunzi na watafiti hutengeneza seli ndogo za sola na vidirisha vinavyogeuka rangi vikipewa umeme, na vyote hivyo huanzia kwenye kipande cha kioo chenye utando unaopitisha umeme bila kuuziba mwanga. Utando ukiwa mbovu, kila tabaka litakalowekwa juu yake litakuwa na kasoro, na wa kwanza kulaumiwa atakuwa yule kijana aliyechanganya kemikali. Kwa hiyo nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Ninavyovitathmini hapa ni vioo vya ITO, yaani oksidi ya indiamu iliyotiwa bati, vilivyopakwa kwa plazma ndani ya mashine ya magnetroni, chemba ya plazma yenye sumaku, pamoja na huduma iliyokuja navyo. Jina la kiwanda siliweki, kwa sababu vioo vya daraja hili huuzwa na wengi, na ninachokipima ni utando wenyewe. Hukumu naitoa mapema: kwa kazi isiyovuka joto la nyuzi 300 za Selsiasi, hivi ndivyo vioo bora kuliko vyote vilivyowahi kupita mikononi mwangu. Sababu kubwa ni kwamba waliovipaka wanajua kuitawala oksijeni. Nitalieleza hilo kwa kirefu, maana ndilo linalotenganisha kioo kizuri na kioo chenye lebo nzuri.

Kwanza niseme nilichoagiza. Kioo cha kawaida cha soda na chokaa, unene wa milimita 1.1. Juu yake tabaka la silika la nanomita 20 hivi, kazi yake ni kuzuia sodiamu isitoke kwenye kioo na kupenya kwenye utando wakati wa joto. Juu ya silika, nanomita 150 za ITO kwa mchanganyiko uliozoeleka: asilimia 90 ya oksidi ya indiamu na 10 ya oksidi ya bati kwa uzito. Ukinzani usizidi omu 12 kwa mraba, na mwanga wa kijani, kwenye wimbi la nanomita 550, upite kwa zaidi ya asilimia 85.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kioo hiki hakijiuzi. Ukikitoa kwenye kasha na kukiinua mbele ya dirisha, huoni cha maana zaidi ya kioo. Kilaze sasa, ukitazame kwa upande chini ya taa nyeupe: mwako wake una zambarau iliyopauka. Hiyo ndiyo saini ya unene. ITO hupinda mwanga kwa kiwango kinachokaribia 1.9, na kwa nanomita 150 mwanga unaorudi kutoka uso wa juu na ule unaorudi kutoka uso wa chini hufutana kwenye rangi ya kijani na manjano. Kinachobaki kurudi kwako ni buluu na wekundu, na vikichanganyika vinakuwa zambarau. Hapohapo unaelewa kwa nini watu wengi huchagua unene huu: ndio unaopitisha vizuri zaidi mwanga ambao jicho letu linauona kwa wepesi. Nilipanga vioo kadhaa mezani, nikazungusha taa, na zambarau ilikuwa ileile kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kuna muuzaji mwingine tuliyewahi kununua kwake ambaye vioo vyake vilianza zambarau upande mmoja vikaishia na umanjano upande wa pili. Rangi ikihama namna hiyo, unene umehama, na ukinzani umehama nao.

Baada ya macho, vifaa. Multimita ya kawaida inakutosha kujua upande wenye utando: gusisha ncha mbili, upande wa ITO utakupa makumi ya omu, upande mtupu hautakupa kitu. Lakini namba hiyo ya multimita usiitumie kuhukumu kioo, maana imechanganyika na ukinzani wa pale ncha zinapogusa. Kipimo cha haki ni cha sindano nne zilizopangwa mstari mmoja. Sindano mbili za nje zinapeleka mkondo, mbili za ndani zinasoma volti, na kwa bamba pana na utando mwembamba unagawa volti kwa mkondo, kisha unazidisha jibu kwa 4.53. Nilipeleka miliampia 1, nikasoma karibu milivolti 2.2. Hiyo ni omu 10 kwa mraba katikati ya bamba. Pembeni ilipanda kidogo, ikakaribia 11. Waliahidi isizidi 12, na ahadi wameitimiza.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye hilo neno "kwa mraba", na wauzaji wachache hujisumbua kulieleza. Maana yake ni nyepesi. Kata mraba wowote kwenye utando huo, uwe wa milimita 5 au wa sentimita 50, ukinzani kutoka ubavu hadi ubavu wa pili ni uleule, omu 10. Ukikata ukanda wenye upana wa milimita 10 na urefu wa milimita 30, una miraba mitatu iliyofuatana, kwa hiyo una omu 30. Sasa tazama inavyouma: seli ya sola ikitoa miliampia 20, na mkondo huo ukalazimika kupita mraba mmoja wa omu 10 kabla ya kufika kwenye waya, volti 0.2 zimepotea njiani. Kwenye seli ya volti 1 huo ni moja ya tano ya kazi yako yote. Kioo cha omu 100, ambacho kinafaa sana kwa skrini ya kugusa kwa sababu mkondo wake ni mdogo mno, kwenye seli ya sola kingekuwa msiba.

Watu hufikiri upakaji ni kama kupaka rangi. Ndani ya chemba, hakuna kioevu wala brashi. Pampu hutoa hewa hadi presha ishuke chini ya elfu moja ya paskali, kisha gesi ya agoni huingizwa hadi kama nusu paskali. Kumbuka hewa tunayovuta ina paskali laki moja hivi. Tageti, yaani bamba la ITO ngumu, hupewa volti hasi za mia kadhaa. Agoni inavunjika kuwa ioni na elektroni, chemba inawaka rangi ya urujuani, na hiyo ndiyo plazma. Ioni za agoni huvutwa kwa kasi hadi kwenye tageti na kuipiga, na atomi za indiamu, bati na oksijeni huchomoka, kama tope linavyoruka ukutani jiwe likitupwa dimbwini. Kioo ndicho ukuta. Nyuma ya tageti kuna sumaku zinazozifunga elektroni zizunguke karibu na uso wake, zikiendelea kuvunja agoni zaidi, ndipo mashine inaweza kufanya kazi kwa presha ndogo na kwa kasi. Ukiiona tageti iliyotumika, utaona mfereji uliochimbika kwa umbo la njia ya mbio za farasi, pale pale sumaku zilipozikusanya elektroni.

Uzuri wa njia hii, kwa mtumiaji wa mwisho kama mimi, ni mshiko. Atomi inayochomolewa na plazma hufika kwenye kioo ikiwa na nishati ya elektroni-volti kadhaa, ilhali atomi iliyochemshwa tu ikawa mvuke hufika na sehemu ya kumi ya elektroni-volti moja. Ile yenye nguvu hujipenyeza na kujipanga, utando unakuwa mzito na kushikamana. Nilibandika selotepu juu ya utando uliokatwakatwa kwa wembe, nikaivuta kwa nguvu, hakuna kilichoondoka. Nikachemsha kipande kwenye maji, nikarudia, hali ileile.

Jambo hili si geni. Mwanasayansi wa Wales, William Robert Grove, aliona metali ikihama na kutua ndani ya mrija wa gesi inayowaka kwa umeme mwaka 1852, na mwaka 1907 Mjerumani Karl Bädeker alionyesha kwamba utando mwembamba wa oksidi ya kadimiamu unapitisha umeme huku mwanga ukipita. Kila simu ya kugusa duniani ni mjukuu wa mambo hayo mawili.

Sasa oksijeni.

Oksidi ya indiamu ikiwa kamili, kila atomi mahali pake, haipitishi umeme wa maana. Umeme huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni bati: atomi ya bati ikikaa kwenye kiti cha indiamu, inabaki na elektroni moja ya ziada, na elektroni hiyo inakuwa huru kutembea. Ya pili ni pengo: pale ambapo atomi ya oksijeni ilipaswa kuwepo na haipo, elektroni zilizobaki nazo huwa huru. Jumla yake, kwenye utando mzuri, ni elektroni kama milioni milioni milioni mia kadhaa ndani ya kila sentimita moja ya ujazo. Ni nyingi, ila bado ni chache ukilinganisha na metali, ndiyo maana mwanga unaoonekana unapita. Na kwa kuwa pengo la nishati la oksidi hii, yaani nishati ambayo mwanga lazima uwe nayo ndipo umezwe, linazidi elektroni-volti 3.5, ilhali mwanga wa urujuani kabisa una kama 3.1 tu, hakuna rangi tunayoiona yenye nguvu ya kumezwa nayo.

Kwa hiyo aliye kwenye mitambo anatafuta kiasi cha oksijeni kilicho katikati ya ubaya wa aina mbili. Akiingiza kidogo mno pamoja na agoni, utando unatoka na weusi wa kahawia, mwanga unazuiwa. Akiingiza nyingi mno, mapengo yote yanazibwa, na zaidi ya hapo oksijeni ya ziada inajibanza karibu na bati na kuzinyang'anya zile elektroni zake. Utando unatoka angavu kabisa, mzuri kwa macho, na ukinzani wake umepaa. Dirisha la kufanyia kazi ni jembamba sana: asilimia chache tu ya gesi, mara nyingi hata moja haifiki. Halafu dirisha lenyewe halitulii. Mvuke wa maji ulionasa kwenye kuta za chemba hutoa oksijeni yake bila kuombwa. Tageti inavyozeeka huota vinundu vyeusi usoni, na mwenendo wake hubadilika. Kioo cha kwanza baada ya chemba kufunguliwa si ndugu wa kioo cha mwisho wa siku.

Hapo ndipo kiwanda hiki kimenivutia kwa uungwana wa kazi. Mhandisi wao, dada mmoja mwenye subira kubwa, alinijibu kila swali nililomuuliza kuhusu hili. Baada ya kufungua chemba, husukuma pampu usiku kucha kabla ya kugusa kioo. Kila wanapoanza, huiacha plazma iwake huku kilango kimefunika vioo, hadi uso wa tageti usafike na mwanga wa plazma utulie. Hawategemei vali ya oksijeni peke yake. Wana jicho la kusoma mwanga huo. Indiamu ikiwa kwenye plazma hutoa mstari wake wa nili, ule uliowafanya Ferdinand Reich na Theodor Richter waigundue mwaka 1863 na kuipa jina lake, na mstari huo ukififia au ukizidi, mtambo unarekebisha oksijeni papo hapo. Nilipenda sana kusikia hivyo. Muuzaji wa awali nilipomuuliza swali kama hilo alinitumia tena ile karatasi ya matangazo.

Matokeo yake nayaona kwenye benchi. Ukipiga hesabu, omu 10 kwa mraba kwa unene wa nanomita 150 ni ukinzani wa asili wa karibu 1.5 kwa kumi-elfu ya omu-sentimita. Hapo ndipo ITO nzuri inapokaa, huwezi kudai zaidi ya hapo kwa bei ya kawaida. Na mwanga unaopita, nilioupima pamoja na kioo chenyewe, ulizidi kidogo asilimia 86 kwenye nanomita 550. Kioo kitupu cha aina hii kinapitisha kama 91, kwa hiyo utando umechukua sehemu ndogo tu. Vioo vilivyotoka kasha moja na vilivyotoka kasha jingine vinafanana. Hilo la kufanana lina thamani kuliko rekodi yoyote: mwanafunzi akilinganisha seli ya mwezi uliopita na ya leo, analinganisha kazi yake, halinganishi bahati ya chemba.

Kuna swali jingine nililouliza ambalo nakushauri uliulize: wanapaka kwa volti ngapi, na kioo kinakuwa na joto gani? Oksijeni nyingine ndani ya plazma hubeba elektroni ya ziada, ikawa ioni hasi. Tageti ni hasi pia, kwa hiyo inaisukuma ioni hiyo kwa volti zote ilizonazo, moja kwa moja hadi kwenye kioo. Ioni yenye nishati ya mamia ya elektroni-volti ikitua kwenye utando unaokua, inavuruga fuwele. Sumaku kali zaidi nyuma ya tageti hushusha volti, na uharibifu hupungua. Wao wanakaa chini ya volti 300. Kioo hupashwa joto hadi karibu nyuzi 250 wakati wa kupaka, ili ITO ijipange kuwa fuwele. Ikipakwa baridi hutoka bila mpangilio, na kuanzia nyuzi 150 hivi ndipo huanza kujipanga. Anayekuuzia ITO juu ya plastiki hawezi kukupa ukinzani huu kwa unene huu, na asikudanganye.

Sasa upande ambao kioo hiki hakifai, nami nausema bila kuuma maneno. Ukikiweka kwenye tanuri la hewa kwa nyuzi 450 au 500, kama wanavyofanya wanaochoma oksidi ya titani kwa ajili ya seli za sola zinazonasa mwanga kwa rangi, oksijeni ya hewani inaingia na kuziba mapengo yale yale ambayo mhandisi alihangaika kuyapata. Ukinzani hupanda, mara nyingi maradufu au zaidi. Kwa kazi hiyo chukua FTO, oksidi ya bati iliyotiwa florini, ambayo haipakwi kwa plazma kabisa: hunyunyizwa kama mvuke juu ya kioo kikiwa bado na joto la nyuzi 600 hivi kiwandani kinakotengenezwa. Imezaliwa motoni, na moto haiuogopi. Ni ya bei nafuu, ni ngumu kukwaruza. Lakini uso wake una mabonde na vilele, una ukungu kidogo, na kwa matabaka membamba ya chini ya nanomita 100 vilele hivyo hutoboa na kuleta shoti. Kwa vidirisha vyetu vya kugeuka rangi na seli zinazotengenezwa kwa joto dogo, ulaini wa ITO ya magnetroni hauna mpinzani. Tunavyo vyote viwili kabatini, kila kimoja na droo yake.

Na AZO je, oksidi ya zinki iliyotiwa alumini? Wauzaji huisifu kwa sababu zinki ni tele na indiamu ni adimu. Tuliijaribu. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Ilipokaa kwenye unyevu, ukinzani ukaanza kupanda wenyewe, na asidi hafifu tu inaiyeyusha, hivyo hatua nyingi za usafi na za kemikali haiwezi kuzipita. Pia ndiyo inayoumizwa zaidi na zile ioni hasi: ukipima bamba lililopakwa bila kusogezwa mbele ya tageti, utaukuta mfereji wa tageti umejichora kwenye utando kama mstari wa ukinzani mkubwa. Ina mahali pake, ndani ya seli zilizofungwa vizuri zisipate unyevu. Kwenye maabara ya kufundishia haina.

Wasiwasi wa indiamu lakini ni wa kweli, sitaki kuupuuza. Hakuna mgodi unaoishi kwa indiamu; hupatikana kama mabaki ya kusafisha zinki, na sehemu kubwa duniani hutoka China. Zinki ikidorora, indiamu inadorora. Tageti bapa nayo hutumika robo au theluthi tu kabla ya mfereji kufika chini, kilichobaki hurudishwa kuyeyushwa. Viwanda vyenye tageti za mviringo zinazozunguka hutumia sehemu kubwa zaidi. Hiki ninachonunua kwao bado kina tageti bapa, na natamani wabadili.

Kuchonga michoro ni rahisi. Tunafunika sehemu tunazozitaka kwa utepe unaostahimili kemikali, tunazamisha kwenye asidi ya hidrokloriki yenye uvuguvugu, na ITO inaondoka kwa ukingo safi. FTO haikubali hivyo. Hudai unga wa zinki pamoja na asidi, kazi yenye povu na mapovu. Ila zingatia kwamba ITO iliyojipanga vizuri kuwa fuwele huyeyuka polepole kuliko ile iliyopakwa baridi, kwa hiyo usiharakishe kuitoa. Pima kwa multimita kwenye sehemu iliyochongwa. Ikikaa kimya, umemaliza. Usafi wetu ni sabuni ya maabara, maji yaliyotolewa ioni, asetoni, alkoholi ya isopropili, kila kimoja kwenye bafu la mawimbi ya sauti, kisha mwanga wa urujuanimno na ozoni. Hatua hiyo ya mwisho huondoa uchafu wa kaboni usioonekana na kufanya maji yatandae usoni badala ya kusimama kama matone. Vioo hivi vilitandaza maji vizuri baada ya mzunguko mmoja.

Kwa wanaofanya kazi na mwanga wa infraredi, tahadhari: kuanzia nanomita elfu moja na mia kadhaa, elektroni huru za ITO zenyewe huanza kuumeza na kuurudisha mwanga. Kadiri utando unavyopitisha umeme kwa wingi wa elektroni, ndivyo unavyoziba infraredi mapema. Sifa hiyohiyo ni neema kwa anayetaka dirisha linalorudisha joto chumbani, na ni kikwazo kwa anayetaka kamera ione kupitia kioo. Kwa kazi hiyo agiza utando mwembamba na ukubali omu zaidi.

Huduma yenyewe. Kila kasha linakuja na karatasi ya kundi lake: mchanganyiko wa tageti, presha, joto la kioo, unene, jedwali la ukinzani kwa nukta tisa za bamba, na mchoro wa mwanga unaopita kutoka nanomita 350 hadi 1,100. Nilizipima nukta hizo upya kwa sindano zangu, na tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba siwezi kusema ni yangu au ni yao. Wanapaka pia juu ya kioo cha mteja. Tuliwapelekea vioo vya kwatsi, wakatuuliza kwanza vimesafishwaje na vinapanuka kiasi gani kwa joto. Ukiulizwa swali kama hilo unajua mzigo wako uko kwenye mikono salama.

Malalamiko ninayo, na nimewaandikia. Karatasi za kutenganisha vioo huacha nyuzinyuzi juu ya utando, na nyuzi moja ikibaki chini ya tabaka la nanomita 50, seli hiyo imekufa. Upande wenye utando haujawekwa alama, kila kipande lazima kipimwe kabla ya kutumika. Ukataji wa almasi huacha chembe za kioo ukingoni. Na milimita kadhaa za ukingo ni tupu, pale vibanio viliposhika kioo ndani ya chemba. Kwenye kipande kidogo, milimita hizo ni sehemu kubwa ya unachokilipia. Kiwango cha chini cha kuagiza kipande cha vipimo maalumu ni kikubwa kwa maabara ndogo, hivyo tumeungana na maabara jirani tunaagiza pamoja.

Majibu yalikuja bila kuchelewa. Alama ya kona wataiweka kwa leza, upande usio na utando. Karatasi wataibadilisha kwa filamu isiyoacha nyuzi. Ukataji wataufanya kabla ya kupaka kwa yeyote atakayeomba, na sisi tumeomba. Ukingo mtupu utabaki, kwa sababu kioo lazima kishikwe mahali fulani kikiwa kinapita mbele ya tageti; badala yake wamekubali kutoza bei ya eneo lililopakwa tu. Agizo lijalo limeshakwenda: vioo vile vile vya omu 10, na kasha moja la vioo vya utando mwembamba kwa ajili ya wenzetu wa infraredi.